Ng'ombe Kwenye Fungu la Biolojia

Sisi watu wa huku Wisconsin tuna ugonjwa mmoja usio na dawa: hatujui kujisifu. Ng'ombe wako akishinda utepe wa bluu kwenye maonyesho ya wilaya, unatakiwa useme amebahatisha tu, majaji walikuwa na njaa wakataka yaishe wakale. Mume wangu Orrin, siku ya harusi yetu, mjomba wake alimuuliza anamwonaje bibi harusi. Akajibu, "Atafaa." Nilicheka, nikamsamehe, na mpaka leo ninaye. Lakini ugonjwa huo ulipomshika binti yangu Signe, tena siku anapojaza maombi ya kwenda kusomea udaktari, wallahi sikucheka.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita. Signe amekaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta yake, mimi nakata mabua machachu ya rubabu ya kutia kwenye pai. Nikapita nyuma yake kuchukua sukari, nikachungulia. Ndiyo, nilichungulia. Mama asiyechungulia ni mama wa aina gani?

"Signe, hiki kiwastani cha sayansi ni cha nani?"

"Ni changu, Mama."

"Tatu na pointi mbili kati ya nne?"

"Ndiyo. Kemia ya kaboni ilinitoa jasho, unajua."

Maombi ya udaktari yana utaratibu wake. Kila somo ulilosoma chuoni unalipangia fungu wewe mwenyewe. Ukiliweka kwenye biolojia, kemia, fizikia au hisabati, alama zake zinaingia kwenye wastani wa sayansi. Ukilitupa kwenye fungu jingine, kilimo, historia, muziki, haziingii. Na vyuo vya udaktari vinautazama wastani huo kabla havijajua hata wewe ni nani. Mshauri wake alishamwambia waziwazi: chini ya tatu na nusu, chuo anachokitaka hakitafungua hata barua yake. Na chuo chenyewe ndicho kinachofundisha madaktari wa mashambani, kazi aliyoitamani tangu mama yangu alipofia kwenye gari tukiitafuta hospitali.

"Fiziolojia ya mifugo iko wapi?" nikauliza. "Si ulipata A? Na ile ya uzazi? Na jenetiki ya ng'ombe?"

"Nimeziweka kwenye kilimo."

Kisu nikakiweka chini. "Kwa nini?"

"Mama, ni masomo ya ng'ombe. Nilisomea idara ya maziwa."

"Idara! Kanuni yenyewe inasema tazama kilichofundishwa, usitazame jina lililo mlangoni. Nimeisoma mwenyewe, hiyo hapo, au nimekuwa kipofu?"

"Nitaonekana najikweza. Nachukua ng'ombe wa baba nawavalisha koti jeupe. Chema chajiuza, Mama."

"Chema chajiuza kikiwa sokoni! Wewe umekifungia ghalani na ufunguo umeumeza, nani atakinunua? Hebu sogea." Nikajivutia kiti. "Hata lile darasa la kukagua ng'ombe wa maonyesho tunaliweka kwenye biolojia."

"Mama! Lile tulikuwa tunatazama miguu na viwele tu."

"Kiwele si kiungo?"

Akacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa na hasira kweli. Huyu mtoto nampenda mpaka inauma, na anaponikatalia kwa upole namna ile natamani kumtikisa kama mti wa matufaha.

Orrin akaingia wakati huohuo, buti mkononi kama nilivyomfundisha. Akajimiminia kahawa, akasimama nyuma ya Signe, akatazama kioo cha kompyuta. Nikasema, "Baba Signe, mwambie mwanao." Alitazama, akamwaga kahawa yake kwenye sinki kabla ya kuimaliza, akavaa buti akatoka. Mimi nikasema moyoni, haya, bwana mkubwa amekwenda kuzungumza na wenye akili zake.

Hatujakaa sana tukamsikia anaita kutoka zizini. Orrin haiti hovyo, kwa hiyo tulikimbia.

Dolores alikuwa chini. Huyu ndiye ng'ombe wetu wa maziwa mengi kuliko wote, amezaa asubuhi ile ndama jike mzuri ajabu, na sasa amelala ameikunja shingo ubavuni kama bata maji aliyelala. Nikamshika sikio, likawa la baridi. Kila mfugaji wa huku anaijua homa ya maziwa. Maziwa yanashuka kwa pupa, yanainyonya kalsiamu yote ya damu, na ng'ombe anazimika huku unamtazama. Daktari wa mifugo tukampigia simu, akawa kwenye shamba jingine mbali. Orrin akatoa chupa ya kalsiamu na sindano yake, akaupata mshipa wa shingo.

"Baba, subiri," Signe akasema. Alikuwa ameleta stetoskopu yake, akapiga magoti kwenye majani, akaibana nyuma ya kiwiko cha Dolores. "Sasa. Lakini polepole."

Dawa ikaanza kushuka. Orrin ana haraka zake, akainyanyua chupa juu.

"Ishushe, Baba. Ishushe. Moyo unaruka mapigo. Simamisha kabisa."

Orrin akaubana mrija. Tukamtazama mtoto wetu amefumba macho anasikiliza. Mimi nilikuwa nasali, sioni haya kusema.

"Umerudi. Endelea, lakini kidogokidogo. Kalsiamu ikiingia kwa fujo moyo wenyewe unakakamaa, unasimama. Tezi za shingoni ndizo zilizotakiwa kuivuta kutoka kwenye mifupa, ila leo zimechelewa."

Chupa ilipokwisha Dolores akatetemeka, akacheua kwa sauti, na baada ya muda akanyanyua makalio, akasimama. Akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumelala. Nikambusu puani, jasho na kamasi yote.

Kisha nikamgeukia binti yangu, maana sijui kunyamaza. "Hayo ya tezi na moyo umeyajulia wapi?"

"Darasani."

"Darasa gani?"

Akainamisha kichwa. "Fiziolojia ya mifugo."

"Ile ya kilimo!"

"Mama, basi."

"Sitaki basi. Niambie kweli. Si kujikweza tu, kuna jingine."

Akazungusha mrija wa stetoskopu kwenye vidole. Alipoanza kusema hakunitazama mimi, alimtazama Dolores. "Baba ndiye aliyeniambia nikasomee ng'ombe, ili nirudi tushike shamba pamoja. Nikayasoma masomo yake yote, halafu nikageuka nikataka udaktari. Sasa niyachukue yaleyale niyaite biolojia, niyafanye ngazi ya kunitoa hapa? Nitakuwa nimemwibia. Nikaona bora niyaache kwenye kilimo, yabaki yake."

Nikamtazama Orrin. Bado ameshika chupa tupu, na masikio yamemwiva mekundu.

"Mimi," akasema, akakohoa. "Mimi nilipoona umeyaweka kule chini, nje ya sayansi, nikajua unaona haya. Unaona ya baba yako si ya kuwaonyesha madaktari."

"Baba! Hapana!"

"Nikasema sawa, ni haki yako. Nikatoka."

Mungu wangu. Watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa siri mpaka wote wawili wanaumia. Nikataka kuwagonganisha vichwa. Badala yake nikaanza kulia, maana ndivyo nilivyo.

Orrin akaweka chupa juu ya ukuta. "Huyu ana moyo," akasema, akimgonga Dolores mgongoni. "Ana damu, ana mifupa, anazaa, anaugua, anakufa. Kama hiyo si biolojia, mimi tangu utotoni nimekuwa nafanya nini humu ndani?" Ni maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kanisani, sokoni na nyumbani kwa mwezi mzima. "Nenda kaandike ilivyo, mwanangu. Hujaniibia. Nilikupa."

Signe akamkumbatia na uchafu wote ule, na Orrin, ambaye hakumbatiwi na mtu ila mimi, akamshika kichwa akakibana kifuani.

Jioni ile akayahamisha. Fiziolojia, uzazi, jenetiki, kila moja na maelezo ya kilichofundishwa. Lishe ya mifugo aliiacha kwenye kilimo, kwa sababu alisema zaidi ya nusu ilikuwa kuchanganya chakula. Ukaguzi wa maonyesho pia aliuacha, nikapiga kelele bure. Wastani ukapanda, ukagusa tatu na nusu na kuivuka kidogo. Lakini ofisi inayopokea maombi huyakagua mafungu yote, na ina ruhusa ya kuyarudisha, kwa hiyo wiki zile nilipika hovyo na kuunguza vitu.

Majibu yalipokuja hawakurudisha hata somo moja. Chuo kikamwita kwenye usaili, na kabla theluji haijakaa vizuri wakampigia simu kwamba wamempokea. Nilipiga yowe mbwa akajificha chini ya kochi. Signe akawa analia na kucheka na kumpigia simu kila mtu.

Nikamtafuta Orrin, nikamkuta zizini amesimama katikati ya ng'ombe, mikono mifukoni, wala hakamui.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona umesimama hivyo?"

"Ni mimi niliyemwambia aandike, Mavis. Angeyaacha kwenye kilimo, angekuwa hapa na sisi."

Nikamshika mkono. "Unajuta?"

"Ndiyo," akasema, machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Na leo akiniuliza tena, nitamwambia vilevile."