Gauni la Kumsindikiza Lirio

...na nani kawaambia hao wa mkoani kwamba mwenyekiti wa kijiji lazima awe na kifua cha mwanamume, fulana ya kuzuia risasi waliyomletea inamkaba makwapani na kumpwaya kiunoni, na Kapitana Obdulia, ndivyo wanavyomwita mwenyekiti huku, amesimama juu ya kigoda dukani kwa Ising, fundi cherehani, mikono kainyoosha kama anayefukuza kuku, naye Ising, pini zimemjaa mdomoni, anamzungushia futi na kuuliza, "Nikupime na fulana au bila fulana?", swali jepesi, kwa mwingine... Jumamosi binti yake anaolewa, na yeye mjane ndiye wa kumsindikiza Lirio mpaka madhabahuni, au ndiye aliyekuwa, maana wiki iliyopita simu ililia, *Kapitana, na sisi tutakuja kushangilia harusi*, bila tusi, bila jina, jina la nini, wenye malori ya mchanga wanajulikana, wamemnunia tangu alipowakatalia kuchimba mto chini ya daraja la shule, na diwani Protasio aliwakatalia kabla yake, wakampiga risasi mchana kweupe akinunua mikate, waliokuwa karibu naye wakatawanyika, na nani asingekimbia, lakini mkewe matangani alisema neno moja tu, "Kafa kama mtu asiyejulikana na yeyote"... "Ising, na mimi nishonee suruali," anapaza sauti Koplo Dagohoy, askari aliyepewa kumlinda, yuko mlangoni na ndizi yake iliyokaangwa kwa sukari, kwenye kijiti, "tangu nianze kumlinda Kapitana nimenenepa!", "Wewe unalinda ndizi," anajibu Ising, na Obdulia anacheka, kidogo, kisha anaikumbuka Jumapili kanisani, benchi lake lilivyopwaya kulia na kushoto, watu wazuri, majirani, wakimsalimia kwa mbali, na hapo ndipo alipoamua, mjomba atamsindikiza Lirio, yeye atakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, risasi ikija imkute peke yake, mtoto asidhurike, huo si ndio umama... pikipiki inakuja, inapunguza mwendo nje ya duka, ndizi ya Koplo inaanguka, mkono wake uko kiunoni, na Ising kasogea, hakupiga kelele, kasogea tu, mgongo kaupa mlango, mikono yote miwili imemzunguka Obdulia kiunoni na futi ndani yake, kama anayepima, ila hapimi... "Barafu! Barafu!", ni muuza barafu, mjinga mkubwa, pikipiki inapita, Koplo anamtukania mama yake, na Ising hajamwachia, shavu lake liko kwenye ubavu wa fulana, ana wajukuu huyu, ana maradhi ya moyo, hakuna aliyemlipa asimame hapo, na Obdulia anatazama kichwa chenye mvi anafikiri, kumbe ndicho wanachokitaka wenye malori, benchi tupu, niwe wa peke yangu kabla hawajafika, na mimi nilikuwa nawasaidia kazi...

"Na fulana," anasema. "Na bega la kulia ulipanue, ndiko atakakonishika Lirio tukienda madhabahuni."

"Haya. Basi tulia, unanitikisia futi."

"Unayetetemeka ni wewe, Ising."

"Basi tutetemeke wote, mwenzangu, ila usipumue."