Mguu wa Bourdon

Kule Chantelouve, kijiji cha milima ya Auvergne nchini Ufaransa, neno bourdon lina kazi nyingi kuliko punda wa dobi. Ni yule nyuki mnene mwenye manyoya. Ni bomba refu la zumari ya kiriba, lile lingurumalo sauti moja tu mpaka mpigaji achoke. Ni fimbo waliyotembelea mahujaji wa zamani, na mtu akiamka roho imemwinamia bila sababu, husema leo ana bourdon. Zaidi ya yote ni kengele kubwa ya kanisa. Tena ni jina la ukoo wa Clémence, mtengeneza jibini la mbuzi, na jina hilo lilitoka kwa kipi kati ya hivyo, kila mtu ana lake la kusema. Shuleni watoto walimvumia kama nyuki mpaka akalia. Baba yake, mzee Anselme, hakutaka mjadala: jina ni la kengele, basi, na asiyeridhika akanywe supu yake akalale.

Kengele yenyewe haivutwi kwa kamba, inakanyagwa. Watu wanne husimama mnarani juu ya ubao uliofungwa kwenye mhimili wake, wakaisukuma kwa miguu mpaka iyumbe. Anselme alisimama upande wa bonde, mahali pa kiongozi, mpaka nyonga ilipomsaliti. Nafasi yake ikabaki wazi, na Clémence aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, mume akiwemo.

Gaspard Vayssade, mkuu wa wapiga kengele, alimpa nafasi hiyo mpwa wake, jibaba lenye miguu kama magogo. Clémence alimfuata mpaka uwanjani kumuuliza kwa nini.

"Mwanangu," Gaspard akamwambia, "kengele ile inataka wanaume wanne walioshiba. Wewe baki na mbuzi wako."

"Umewahi kuniona nikikanyaga?"

"Sijawahi, na Mungu aniepushe."

Pasaka ikakaribia. Tangu Alhamisi Kuu kengele zote hunyamaza, na watoto huambiwa zimekwenda Roma, zitarudi asubuhi ya Pasaka zikidondosha mayai ya chokoleti bustanini. Siku hizo hakuna anayethubutu kugusa kengele. Afadhali uibe sadaka. Kwa hiyo Jumamosi mnara haukuwa na mtu, na Clémence akawachukua binamu zake wawili, Sidonie na Perrine, wakapanda. Alitaka kujua tu kama anaweza. Waliufunga ulimi wa kengele kwa aproni zao ili isitoe sauti, kisha wakasimama ubaoni, wanawake watatu mahali pa wanaume wanne.

Mwanzoni kengele ilikaidi kama nyumbu. Clémence hakushindana nayo. Aliiacha iende ilikotaka, akaongeza uzito wake pale tu ilipoanza kugeuka, jinsi alivyomwona baba yake akifanya tangu utotoni, na akawaambia wenzake wafuate mguu wake. Ikayumba kidogo. Ikayumba sana. Sidonie akaanza kucheka kwa woga, na kwa raha waliyokuwa nayo wakazisahau aproni. Fundo likalegea, vitambaa vikaanguka, na kengele ikanguruma juu ya Chantelouve yote kabla Yesu hajafufuka.

Ikawa vurugu. Watoto walimiminika bustanini na vikapu vyao, na mayai bado yalikuwa kabatini. Wazazi wakawa wanayarusha juu ya ua kwa kujificha, mengine yakiwapata wanao kichwani. Padri alitoka nje na sabuni ya kunyolea usoni. Wala haikuwezekana kuinyamazisha papo hapo, maana kengele kubwa ikishapanda hushuka kwa hiari yake.

Gaspard alikuwa kwenye foleni ya mkate. Aliposikia mlio ule alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, macho yakamjaa machozi.

"Huo ni mguu wa Anselme," alisema, na foleni nzima ikamsikia.

Muuza mikate akamwonyesha dirishani. Anselme alikuwa ameketi kwenye benchi uwanjani, mkongojo mapajani, analia na kucheka kwa pamoja.

Gaspard alipanda ngazi za mnara akihema, akawakuta wanawake watatu wamelowa jasho. Alifoka mpaka sauti ikamkauka. Binamu wawili waliinamisha vichwa. Clémence alisema ataomba radhi mbele ya kanisa zima kwa kuwavurugia watu Pasaka yao.

"Lakini kwa kukanyaga, Mzee Gaspard, simwombi mtu radhi."

Gaspard alijifuta jasho kwa kofia. Aliyoyasema kwenye foleni yalikuwa yamekwisha zunguka kijiji kabla yeye hajafika ngazi ya mwisho, na neno likitoka halirudi.

Asubuhi ya Pasaka Clémence aliomba radhi kama alivyoahidi, na watoto waliokula mayai mara mbili walimsamehe upesi. Kisha akapanda mnarani bila kujua atapokewaje. Wanaume watatu, Gaspard akiwa mmoja wao, walikuwa wamekwisha simama ubaoni. Yule mpwa alikuwa amekaa chini, amekunja mikono, wala hakuonekana kusikitika. Clémence akaelekea nyuma kabisa, kwa adabu. Gaspard akasogea nyuma mwenyewe, akamwonyesha kwa kidevu upande wa bonde.

Wakakanyaga. Kengele ikapanda, ikapanda tena, mnara ukatetemeka, na furaha ikampanda Clémence kutoka nyayoni mpaka kooni. Kengele ilifika juu ambako haikuwahi kufika tangu nyonga ya baba yake iharibike. Nyuma yake Gaspard alikuwa mwekundu kama nyanya, pumzi imemwishia.

"Taratibu, Bourdon!" akapaza sauti.

Si mwanangu, si Clémence. Wapiga kengele huitana kwa ukoo, na mle mnarani hakuna aliyekuwa amewahi kuitwa hivyo ila Anselme. Clémence alimsikia vizuri sana. Akacheka, akakanyaga kwa nguvu zaidi.