Mkono wa Bawaba

Mtaani walimwita Bawaba, kwa sababu hakuna mlango wake uliowahi kulia. Miaka arobaini ya useremala! Lakini mwaka huu wateja walimwona akishika kikombe kinatetemeka, wakaanza kumkimbia mmoja mmoja, na yeye akawa anakificha kila mtu akija. Naye akaapa mbele ya bintiye: "Kazi hii ikinishinda, randa zangu zote nagawa."

Kazi yenyewe aliileta huyo binti, mpiga picha za pasipoti na harusi. Alitaka kupiga picha za nyota, lakini kila alipoiacha kamera wazi dakika tano, nyota zilitoka mistari, maana dunia haitulii. "Baba, nitengenezee kitu cha kuzifuata." Mbao mbili, bawaba moja, na skrubu ndefu ya kuinua polepole ubao wa juu, wenye kamera, mzunguko mmoja kwa dakika. Mzee alizipiga randa siku tatu, zikalaliana hata wembe usingepenya. Binti alimtazama mpaka chai yake ikapoa. Fundi ni fundi, bwana!

Usiku wakapanda juu ya paa.

"Nizungushe mimi," binti akasema, akiihofia ile mikono.

"Thubutu!" Mzee akashika skrubu, macho kwenye saa, pumzi ameibana.

Picha ikatoka. Mistari! Tena mirefu maradufu kuliko ya zamani. Mzee akakaa chini. "Ndiyo hivyo, mwanangu. Uzee hauna dawa. Kesho waje wachukue randa."

Roho ilimuuma binti. Akaikuza picha, akaikuza tena, kisha akapiga ukelele. "Baba, hebu njoo! Mkono unaotetemeka huchora hivi?" Mistari ilikuwa laini kama uzi uliovutwa, haina hata mkwaruzo. "Mkono wako mzima! Bawaba je, umeiweka upande gani?"

Mzee akaipapasa. Kulia, kama alivyozoea milangoni. Nyota zinakwenda huku, yeye anaipeleka kamera kule!

"Lahaula! Nimezifungulia nyota mlango kinyume!" Wakacheka mpaka jirani akafungua dirisha kuwagombeza.

Akafungua skrubu nne, akahamishia bawaba kushoto. Safari hii nyota zilitoka nukta tupu, nyingi ajabu. Binti alimtazama babake kwa fahari.

"Na zile randa, Baba?"

"Randa gani? Nani kakwambia zinagawiwa?" Akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake. Kilitetemeka, chai ikamwagikia vidoleni, na safari hii hakukificha.