Harufu ya Bonifasia

Gertruda ndiye aliyenisimulia haya, tukipembua maharage nyumbani kwake Mkumbi, mwaka ule magari ya wanunuzi binafsi wa kahawa yalipoanza kupanda mpaka milangoni mwa watu. Nyumba yake imepakana na ya kina Tobias, na kamba ya nguo ya jirani aliiona kila siku.

Tobias alikuwa akivuka ziwa kupeleka maharage Malawi na kurudi na sukari. Safari moja alirudi na sukari na mke. Mke huyo aliitwa Lidia, mzaliwa wa Nkhata Bay, na walishukia Lituhi, upande huu wa ziwa, yeye akiwa na sanduku, sufuria na beseni la bati. Kwao Lidia ziwa lilikuwa mlangoni. Nguo ilifuliwa juu ya jiwe, ikaanikwa mchangani, ikavaliwa ikinuka jua. Huku milimani mto uko bondeni, na kupanda na ndoo kunataka magoti.

Basi siku za mwanzo mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi Lidia akaona shamba la nyuma ya nyumba limejaa maji. Lilikuwa shamba la ngolo, yale mashimo ya kulimia milimani: wanaume hufyeka majani na kuyapanga, kisha wanawake huchimba, mpaka mteremko mzima unakuwa kama sega la nyuki. Kila shimo lilikuwa na maji yake, meupe, yametulia. Mtu wa Mkumbi hawezi kufua nguo ndani ya ngolo, kama asivyoweza kufua ndani ya chungu cha mboga. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia Lidia. Alichutama kwenye shimo la karibu, akafua mashati ya mumewe, shuka, na vitenge vya mama mkwe wake, Gaudiosa.

Nguo zilipokauka zilinuka jasho la mtu anayelima, ugoro na mchaichai.

Alizirudia mtoni. Harufu ileile. Alizichemsha na majivu. Alitumia sabuni ya mche, kisha sabuni ya unga yenye picha ya maua, maana wakati huo maduka ya Mbinga mjini yalikuwa yamejaa sabuni za kila nchi. Shati lilinuka maua lilipokuwa bichi, na likikauka likanuka ugoro. Alizipiga pasi ya mkaa juu ya majani ya mlimao. Na pale kambani, upepo ukivuma, nguo za Gertruda zilipepea kama nguo. Za Lidia zilijikunja kiunoni, mikono ikapanda na kushuka, kama mtu anayechimba. Gertruda anasema zilianza kuchimba baada ya chai na kupumzika saa sita.

Gaudiosa alinusa kitenge chake, akakirudisha kambani.

"Mwanangu, kwenu hamfundishwi kufua, au ndiyo samaki hao?"

"Mama, huu ni ugoro. Nani anavuta ugoro humu ndani?"

Gaudiosa akasema hakuna. Akaongeza kwamba mke anayeshindwa shati la mumewe hurudishwa kwao, na maboti bado yanavuka. Tobias alikuwa anakula. Alisikia, akaendelea kula.

Lidia hakutaka kurudi. Kwao walikuwa wameshagawana kitanda chake, na kurudi na beseni lilelile ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Akafua mpaka vidole vikachubuka. Mwisho Tobias, aliyeanza kuchekwa kwenye foleni ya kahawa, alileta pipa la maji ya ziwa kutoka Lituhi. Lidia akafulia hayo. Jumapili nguo zilinuka jua tu, na alitoka nyumbani akiimba.

Kwenda kanisani walikatiza shambani. Kabla ya injili benchi lao lilikuwa limeanza kunuka ugoro, na watu wa benchi la nyuma wakapiga chafya, mmoja baada ya mwingine. Padri alisubiri, kama anavyosubiri mvua ikipiga bati, kisha akaendelea.

Baada ya misa Gertruda alimvuta Lidia pembeni. "Mdogo wangu, usijichoshe na sabuni. Huyo ni Bonifasia."

Akamweleza. Bonifasia alikuwa mke wa Edmund, kaka wa Tobias. Shamba lile alilikuta pori. Mashimo yote alichimba yeye, na kahawa ya chini alipanda yeye, ugoro mkononi. Edmund alipofariki, ukoo ulimnyoa, ukamshukuru, ukamwambia arudi kwao Litumbandyosi, kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume, na magari ya kahawa yalikuwa yameanza kuonekana barabarani. Alipewa mpini wa jembe aende nao. Jembe lenyewe lilikuwa la ukoo.

Lidia alitia shati moja kwenye mfuko wa nailoni, akaenda Litumbandyosi. Alimkuta Bonifasia anaishi jikoni kwa kaka yake, Valentino. Alikuwa anasaga tumbaku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ng'ambo. Kaa."

Bonifasia alilitoa shati, akalinusa kwapani, akasema, "Ni mimi," kama mtu aliyeonyeshwa kuku wake.

Lidia alikaa karibu naye sana, na ndipo alipogundua. Mwanamke yule mwenye ugoro kiganjani na mchaichai mlangoni hakuwa na harufu yoyote. Alikuwa kama maji yaliyochemshwa yakapoa. Hata mbwa wa Valentino alipita akimtafuta, mpaka akaitwa.

"Ilibaki kule," Bonifasia alisema. "Wakati wa kuondoka sikuweza kuichimbua. Waambie wanirudishie shamba langu. Nitaipata humo humo, na nguo zako zitanuka jua."

Lidia aliufikisha ujumbe. Ukoo ulikaa, na Mzee Mansuetus, baba mdogo wa Tobias, ndiye aliyeongoza. Lidia alipiga magoti akaeleza yote, na Mansuetus alimsikiliza mpaka mwisho. Akapiga chafya, akajifuta.

"Mke wa Tobias, habari hiyo si ngeni. Tuliijua tangu shati la kwanza."

Gaudiosa akasema yeye alipika na Bonifasia jiko moja miaka mingi, angekosaje kumjua?

"Sasa mbona mliniacha nifue?" Lidia aliuliza.

"Usingefua, nguo zingekuwa chafu," Mansuetus alisema.

Ikaamuliwa shamba libaki kwenye ukoo, maana mnunuzi hanusi mashati, ananusa kahawa. Ikaamuliwa pia kwamba Lidia si mchafu, hatarudishwa kwao, na ajitahidi. Watu wakazoea. Kanisani benchi la nyuma lilipiga chafya kabla ya injili, na padri akajifunza kunyamaza pale. Valentino alipokuja Mkumbi kuulizia jibu, alipewa chai.

Mwezi wa tatu Tobias na nduguze walifyeka majani, wakayapanga. Lidia alipewa jembe la ukoo, limetiwa mpini mpya. Alichimba shamba lile tangu asubuhi mpaka jua linazama, na siku zilizofuata vivyo hivyo, mpaka ngolo zikafika kwenye kahawa.

Siku ya kumaliza alioga, akapakua, wakala. Gaudiosa alilala kwanza. Tobias akafuatia. Lidia alijinyoosha kitandani, akainua mkono puani, kama alivyozoea utotoni kujinusa akitoka ziwani. Hakupata kitu. Akanusa mkono wa pili. Sabuni kidogo, nayo ikaisha, kisha hakuna. Kutoka shambani, kupitia dirishani, iliingia harufu ya jiwe lililolowa na dagaa juani, na akaijua ni ya nani. Akavuta shuka mpaka mabegani. Lilinuka jasho, ugoro na mchaichai, na hakukuwa na harufu nyingine ya mwanamke kitandani mle. Akalala.