Kichekesho Kilichokatwa Mkia

Siku hiyo Vidole alikuwa na hasira za kutosha kukausha nywele bila mashine. Jina hilo alipewa na wateja, kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia kichwani mwa mtu. Lakini tangu afungue saluni asubuhi hiyo, wateja hao hao walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara, wameinamisha nyuso kana kwamba wameangusha sindano. Aliyeingia alikuwa mmoja tu, mwenye duka la kona, na alifuata wigi lake aliloliacha lioshwe.

"Bado bichi, dada," Vidole akamwambia.

"Litakaukia kwangu. Kwako vitu vinaanikwa hadharani."

Akamtolea simu. Vidole akajiona mwenyewe, chanuo mkononi, anacheka mpaka machozi. "Nina mtu hapa," alikuwa akisema kwenye video, "kichwani hakuna kitu, panang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Kilemba hakivui hata kitandani. Mumewe hajui analala na nani." Hapo video ikakatika, na kikafuata kicheko cha umati ambao Vidole hakuwahi kuuona maishani mwake.

Maneno ni yake, hakubisha. Aliyasema humu humu saluni, akimchekesha binti wa kaka yake, anayekaa kwake na kula kwake huku akisoma chuo kikuu. Lakini baada ya maneno hayo alikuwa amekigusa kilemba chake mwenyewe akasema, "Na mtu huyo ndiye mimi, usiende kunitangaza." Huo mkia ndio haukuwepo. Sasa kila mwanamke aliyewahi kufunga kitambaa alijua kwa hakika kwamba anasemwa yeye.

Binti aliporudi kutoka chuoni alikuwa anameremeta.

"Shangazi, umetazamwa na maelfu. Mwalimu ameonyesha kazi yangu mbele ya darasa zima."

"Kazi gani?"

"Si nilikwambia, tunasoma vyombo vya habari na jinsi vinavyogeuza jamii. Tuliambiwa tuchukue mazungumzo, tuyakate pale watu watakapoanza kubishana, tuyarushe mtandaoni, halafu tuchambue maoni. Maoni yako ni matamu kweli. Wengine wanakutetea."

"Nilikuwa na kesi?"

Binti akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Mkia wangu umeupeleka wapi?" Vidole akauliza.

"Ungeua utamu, Shangazi. Halafu sikumtaja mtu."

"Ndiyo balaa lenyewe. Ungemtaja mmoja, angenuna mmoja. Umenunisha mtaa mzima."

Binti akakaa chini, akairusha video nzima, mkia na yote. Wakangoja. Ilitazamwa na watu wa kuhesabika, na mmoja wao akaandika kwamba yule mama ameshikwa sasa anajitetea. Vidole akasonya sonyo refu mpaka paka wa jirani akatoka mlangoni.

"Hao maelfu siwajui na siwasuki," akasema. "Mimi shida yangu ni Mkunga. Nimempigia tangu mchana, hapokei. Inuka, unakwenda kumweleza kwa mdomo wako."

Mkunga mstaafu alikuwa shoga yake wa tangu utotoni. Maradhi yaliwahi kumpukutisha nywele zote, na aliyejua alikuwa Vidole peke yake, aliyemhudumia nyuma ya pazia, saluni ikiwa imefungwa. Kumpoteza mteja ni hasara. Kumpoteza Mkunga ilikuwa kama kubaki bila mtu wa kumwita jina la utotoni.

Mkunga aliwapokea mlangoni, na hakusogea ili wapite.

"Haya, mtoto, sema," Vidole akamsukuma Binti.

"Shikamoo, bibi. Lengo la utafiti wetu lilikuwa kubaini namna hadhira inavyopokea—"

"Ongea kama mtu."

"Nilikata, bibi. Shangazi alikuwa anajisema mwenyewe. Mimi ndiye niliyekata."

Ndipo Vidole alipoiona simu. Binti alikuwa ameibana kifuani, jicho la kamera limemkazia Mkunga.

"Unarekodi?"

"Ni sauti tu... na picha kidogo. Mwalimu anataka na upande wa walioumia."

Vidole alinyoosha mkono aichukue aipige ukutani, lakini Mkunga alimtangulia. Ile mikono iliyozoea kuvuta watoto wabishi iliinyakua simu mara moja, ikamgeuzia Binti.

"Endelea kuomba radhi, mjukuu wangu. Mimi nitajua pa kukata."

Binti akajikinga uso kwa mkono. "Bibi, tafadhali, usiirushe. Watanielewa vibaya." Akamtazama shangazi yake. Vidole akatazama dari la baraza, na moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi.

Furaha haikudumu. Mkunga alibonyeza, akafuta, akairudisha simu.

"Nimezalisha wanawake wa mtaa huu mpaka nikachoka," akasema. "Sijaitoa nje siri ya hata mmoja. Wewe nenda kasimame pale barabarani, niongee na shangazi yako."

Binti akaenda.

"Umesikia, shoga," Vidole akaanza. "Nilijisema mwenyewe."

"Nimeisikia yote, mpaka huo mkia. Hebu niambie, wewe una mume?"

Vidole akakishika kilemba chake. Mumewe alikuwa amezikwa miaka mingi iliyopita.

"Mwenye mume asiyejua ni mimi," Mkunga akasema. "Anayelala na kilemba ni mimi. Nilikwambia nikilia, kule nyuma ya pazia. Ukaenda kumchekeshea mtoto, ukajipachika mwishoni ili usione aibu. Yeye amekata maneno. Wewe umekata jina langu ukaweka lako."

"Mkunga..."

"Jana usiku mume wangu aliniambia nivue kilemba."

Akafunga mlango. Hakuubamiza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Barabarani Binti aliuliza Mkunga amesema nini. Vidole alitembea mbele yake kwa hasira, akalipiga teke kopo lililokuwa njiani, akalirudia akalipiga tena.

"Shangazi, mimi nitaifuta ile video. Nitamwambia mwalimu sitaki alama zake."

"Futa," Vidole akasema. "Halafu usiniangalie hivyo. Hasira hizi si zako zote."