Kanuni Ukutani

Miaka kumi na tisa Mwanakhamis alifundisha kupiga kanuni sebuleni kwake Stechford, huko ughaibuni, na watoto wote walimkimbia kwa adabu.

Kanuni ilikuwa ya marehemu mumewe, Maulid, aliyepiga taarabu ujana wake wote: sanduku pana la mti lenye nyuzi sabini na kitu, la kupakatwa mapajani na kupigwa kwa pete mbili za vidole vya shahada. Mwaka wa kwanza wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Halafu wazazi wakaanza kuuliza kanuni ina faida gani, na kwenye cheti itaandikwa wapi. Mmoja akaenda tuisheni ya hesabu, mwingine mpira, na skuli zenyewe zikafuta somo la muziki bila hata kuona haya. Akabaki mjukuu wake Asmahan, mwenye masikio ya babu yake na kucha ndefu za bandia zilizokwama nyuzini na kuwagombanisha kila wiki.

Januari Asmahan naye akasimamisha mafunzo. "Bibi, nitarudi after exams. Promise."

Basi. Mwanakhamis alizaliwa Unguja, na alijua mtu aliyelelewa vyema anavyokataa. Hasemi sitaki. Anasema baadaye, na aliyeambiwa anaelewa, halazimishi. Yeye mwenyewe alikataa posa mbili kwa njia hiyo hiyo. Akambusu mtoto kwenye paji la uso, akafunga mlango, akalia mpaka chai ikapoa.

Aprili akaiuza. Mnunuzi alikuwa Neeta, mwanamke mpole mwenye duka la sanaa kule Edgbaston. Siku ya kuitoa, Mwanakhamis aliikaza nyuzi tangu asubuhi hadi adhuhuri, maana kwao ala haikabidhiwi na sauti mbovu. Aliomba jambo moja tu, isikae kimya. Neeta akamshika mkono, akasema wataiona watu wengi. Mwanakhamis akaona amejibiwa.

Juni ukaja mwaliko wa maonyesho dukani kwa Neeta. Akavaa gauni lake la hariri, akatia zile pete mkobani, kwa kuwa mwenye kanuni akialikwa lazima ataombwa kupiga. Asmahan, aliyemaliza mtihani wa mwisho jana yake, akamsindikiza. Kwamba kanuni imeuzwa, Mwanakhamis hakuwa amemwambia. Kila alipotaka kusema, haya zilimshika. Ndani ya tramu mtoto alikuwa na furaha yake mwenyewe, mikono mifukoni, akitabasamu bila kusema sababu.

Walipoingia, Mwanakhamis alitafuta kiti kwanza, maana kanuni haipigwi kwa kusimama. Hapakuwa na kiti. Kanuni ilitundikwa ukutani, na taa iliyowekwa nyuma ikang'arisha ngozi ya samaki iliyowambwa juu yake. Nyuzi zote zilikuwa zimeng'olewa.

"Zilikuwa zinavuta mbao," Neeta alieleza. "Bila nyuzi itadumu miaka mia. Na imeshapata mtu, kwa mara sita ya bei niliyokupa. Nilijua utafurahi."

Moyo wa Mwanakhamis ulimwuma hasa. Ilipokuwa na sauti hakuna aliyeitaka, hata kwa kufundishwa bure. Imenyamazishwa, sasa ni mali. Alitaka kumtukana Neeta, lakini Neeta hakuwa na kosa. Yeye ndiye aliyeitoa nyumbani kwa mikono yake.

"Bibi, hii si ya Babu?" Asmahan aliuliza nyuma yake. "Why is it here?"

"Nimeiuza, mwanangu. Wewe uliacha."

"Sikuacha. Nilisema after exams."

"Nilidhani unanikatalia kwa heshima."

Asmahan alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akatoa mikono mifukoni. Kucha za bandia hazikuwepo. Zake mwenyewe zilikatwa fupi, nyingine mpaka nyamani, kazi ya mtu asiyezoea.

"Nilizikata jana usiku," alisema. "Nilitaka tuanze leo, tukirudi nyumbani."