Pengo Lililotazama Chini

Mativo alikuwa amekataa chai mara mbili, na Kinyanjui si mtu wa kukataliwa chai nyumbani kwake.

"Wee Mkamba, umeanza kuogopa sukari yangu?"

"Nimeshiba, Baba Sally."

"Umeshiba nini? Vumbi la Gikomba?"

Mativo akapokea kikombe. Hakunywa. Mezani mbele yao lilikaa kasha alilolitengeneza kwa mikono yake: mbao za msonobari alizozichagua Gikomba kwenye karakana anakofanyia kazi, kona zilizoumana bila msumari, mpini wa ngozi ulioshonwa Kariokor. Ndani zilipangwa moduli, kila moja na paneli yake ya bati, vifundo vya kuzungusha na matundu ya kuchomeka nyaya. Moja hutoa sauti, nyingine huichuja, nyingine huikatakata kama ngoma. Ukiziunganisha unapata muziki, au kelele. Lydiah, mke wa Kinyanjui, alisema hajawahi kuona tofauti.

Mchezo huo ulianza na kinanda cha kanisa kilichokufa. Kinyanjui, fundi wa redio, alikifungua ili akitengeneze. Hakikupona, lakini kilitoa mlio ambao wote wawili hawakuusahau. Tangu hapo, Kinyanjui alijenga moduli na Mativo akajenga makasha na kufanya kazi ndogo za waya alizofundishwa.

Nafasi moja ya kasha ilikuwa tupu. Hapo ndipo palikuwa pa moduli waliyoiita Karing'a, kwa kuwa Kinyanjui alitaka ilie kama ile pete ya chuma aliyoigonga babake kwenye dansi za mwomboko. Aliijenga msimu mzima wa mvua, kila kipande akikisogeza karibu na pua, Mativo akimsomea mistari ya rangi inayotaja nguvu ya kila rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme. Macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alisema ni presha ya macho. Kinyanjui alipomaliza moduli, aliichomeka mbele ya Mativo na Lydiah, akawasha.

Haikulia. Ilitoa moshi.

Anayejenga mashine hizi hujifunza mapema: waya bapa unaoleta umeme una mstari mwekundu ubavuni, na ukiugeuza, umeme unaingia kinyume na chipu zinaungua kabla hujatoa tusi. Upande wa kasha, soketi ina ukuta wenye pengo, kwa hiyo waya unaingia kwa njia moja tu. Upande wa moduli ni pini tupu. Hapo ni wewe na macho yako.

"Ni mimi," Kinyanjui alisema siku ile, moshi ukiwa bado unapanda. "Nimegeuza waya kwenye pini. Sioni tena, Lydiah."

Mativo ndiye aliyeng'oa waya haraka, kuokoa kasha. Hakuna aliyeangalia ulikuwa umekaaje. Alilibeba kasha hadi kwake, nyumba chache kutoka hapo, akalifungua, na akaona. Soketi alizozilehemu yeye mwenyewe zilikuwa zimetazama juu zote, isipokuwa ya mwisho. Pengo la hiyo lilitazama chini. Kinyanjui hakuwa amekosea kitu. Kasha ndilo lililomuunguzia.

Kama angerudi hapo hapo, lingekuwa jambo la kutukanana na kucheka. Badala yake alipasha chuma cha kulehemu, akaing'oa soketi, akaigeuza, akasugua alama za moto kwa spiriti na mswaki wa zamani. Alijiambia anatengeneza. Lakini alikuwa amefunga mlango kwanza, na mtu anayetengeneza hafungi mlango.

"Nimekuita uchukue hivi vitu," Kinyanjui alisema sasa. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa mezani, kimefungwa kwa kitambaa. "Vyote, isipokuwa kasha ulilolirudisha. Kasha Lydiah analitaka la vitunguu."

"Viazi!" Lydiah akapaza sauti kutoka jikoni, kisu chake kikikata sukuma wiki. "Nilisema viazi!"

Kinyanjui hakucheka. Ndevu zake zilikuwa hazijanyolewa, yeye ambaye zamani hakuenda hata dukani bila kunyoa.

"Utajenga nyingine," Mativo alisema.

"Na nini? Sikiza. Macho niliyajua yanaenda, nikakubali. Nilisema mikono ipo. Siku ile mkono uliniambia waya umekaa sawa. Niliupapasa tangu kwenye soketi hadi kwenye pini, nikarudia, ukaniambia ni sawa. Na ukawa uongo. Sasa hata kamba za viatu Sally ananifungia, kwa sababu nikishika kitu sijui kama ndicho. Ukinyang'anywa macho na mkono, umebaki na nini?"

Mativo akaweka kikombe chini. Alikuwa amepanga kutubu siku nyingine, siku ambayo Lydiah hayupo. Alilivuta kasha, akafungua skrubu za paneli ya nafasi tupu.

"Lete kidole."

"Cha nini?"

"Lete tu." Alimshika kidole gumba, akakiweka kwenye safu ya soketi. "Ya mwisho hii. Pengo liko wapi?"

"Juu."

"Siku ile lilikuwa chini. Mimi niliilehemu kichwa chini. Mkono wako haukukosea."

Kinyanjui hakuondoa kidole. Kilizunguka soketi polepole, kikafika pembeni, mahali plastiki ilipoyeyuka kidogo Mativo alipokuwa akiing'oa. Kikakaa hapo.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile."

"Ukaigeuza."

"Nikaigeuza."

"Halafu Jumapili ukaja hapa, ukala chapati, ukanishika mkono kunivusha barabara twende kanisani."

"Ndiyo."

"Na ukaniambia, pole, ni uzee, utamfika kila mtu."

Mativo alikuwa amesahau maneno hayo. Sasa aliyakumbuka, pamoja na sauti ya upole aliyoyasema nayo.

Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza.

"Karing'a ningejenga nyingine," Kinyanjui alisema. "Chipu ni chipu. Lakini mimi nilikuwa najichimbia kaburi hapa, na wewe umekaa kando unanishikia koti."

"Niliona aibu, Baba Sally."

"Aibu ilikuwa yako. Ukanipa mimi niibebe."

Lydiah alikuja akasimama mlangoni, mikono imelowa. Kisha akaja mezani, akachukua kikombe cha Mativo, kikiwa bado kimejaa, akarudi nacho jikoni. Katika nyumba hiyo mgeni hakuwahi kuondolewa kikombe kabla hajamaliza. Mativo alisikia chai ikimwagwa.

"Niende?" akauliza.

"Nenda. Kasha liache. Na hicho chuma kifungue, ukichomeke kwa umeme, ukiweke ninapokifikia."

Mativo alifanya hivyo. Aliwaza kusema kwamba anaweza kuchonga alama kwenye mbao, alama ya kupapasa, ili upande wa mstari mwekundu ujulikane kwa kidole. Aliondoka bila mtu kumsindikiza.

Nje alipita chini ya dirisha lao, kati ya kamba za nguo za majirani. Harufu ya lehemu ya moto ilikuwa imeanza kutoka. Kisha akamsikia Kinyanjui.

"Mama Sally, njoo unisomee rangi."

"Rangi gani mimi?"

"Za hii rezista. Anzia kushoto."

"Kahawia. Nyeusi. Hii ni... nyekundu, ama ni ya machungwa?"

"Sogea dirishani uone vizuri."

Mativo alijua ilikuwa nyekundu. Kusoma rangi ilikuwa kazi yake. Alirudi nyuma haraka asionekane, akasimama hapo kati ya mashuka ya watu, yakimdondokea maji shingoni, akisikiliza Lydiah akisoma tena tangu mwanzo.